Kivuli cha Mihayo

Daktari mgeni ameandika kwenye fomu: uvimbe?
Alama ya kuuliza kaikoleza mara mbili.
Nimeinua picha dirishani, jua la Tabora la saa nne,
jua lisilomung'unya maneno:
mbavu nyembamba kama njiti za kiberiti,
moyo, na juu ya moyo kivuli
kama jani la tumbaku lililokunjwa pembe.

Si uvimbe, Nyamizi. Kaa.
Hii ni thaimasi. Kila mtoto anayo.

Miaka thelathini na moja napiga picha hospitali hii,
na bado mama wa Kinyamwezi akiniona mlangoni
husema, Leo Mzaramo katutegea.
Nami hujibu, Wapagazi, tueni mizigo, mvueni mtoto shanga.
Huyu naye, na homa yote ile ya mwanawe,
alinitania kwanza
ndipo akalia.

Sasa anauliza: hilo jani linafanya nini?

Shuleni tuliambiwa chembe nyeupe ni askari.
Hawakutuambia kuwa askari hazaliwi analijua lango la kwao.
Wanatoka ubohoni, ndani ya mfupa, wabichi,
kila mmoja na mkono wake
uliofinyangwa kwa kubahatisha,
hajui utashika nini.
Wanaingia humu.

Mtihani wa kwanza: mguse mwenye nyumba.
Asiyeweza kumgusa kabisa
hapigwi, hafukuzwi.
Haitwi jina, basi.
Anakufa kwa kutoitwa.

Wa pili ni mgumu zaidi.
Kuta za ndani zinatoa vionjo vya mwili mzima,
tone la kongosho, chembe ya jicho, ute wa tumbo,
kama mwenye duka anayefungua kila gunia
mteja atumbukize mkono.
Anayeng'ang'ania, anayekaza vidole,
huambiwa: zima taa yako.
Naye huzima.

Wanaobaki ni akina nani, basi?

Watani, nikasema.
Wanaokugusa wasikuumize.
Asiyekujua hawezi kukutania,
na anayekupania si mtani tena.

Akacheka, kidogo. Kisha: wangapi?
Katika mia, wawili. Watatu.
Na wale wengine?
Wanaliwa humo humo, kimya. Hakuna homa, hakuna matanga.

Akamtazama Mihayo, usingizini, ngumi moja mdomoni.
Makaburi yote hayo, akasema,
na kifua chenyewe hiki.

Sikuwa na jibu. Sikulitafuta.

Wala sikumwambia habari za mwanangu Mwamvita
anayejidunga insulini asubuhi na jioni
kwa sababu mmoja wao, pengine kundi zima,
alipenya mlango
akaijua kongosho yake, akaipania.
Mtihani gani usiovuja?

Yangu imekwisha kuwa mafuta.
Mwaka juzi, kikohozi kiliponishika,
kijana wangu wa zamu alinipiga picha:
moyo, koo la hewa, mapafu. Jani hakuna.
Shule imefungwa, paa limeezuliwa,
na waliohitimu nikiwa mtoto kule Kisarawe
ndio hao hao wanaonilinda,
wanajigawa, wanazeeka nami,
wanakumbuka surua ya mwaka ule
kuliko ninavyoikumbuka mimi.

Nikachukua kalamu. Chini ya ile alama ya kuuliza nikaandika:
Thaimasi, ya kawaida kwa umri wake.
Homa itafutwe kwingine.

Nyamizi alikwisha mfunga mgongoni, kanga imekazwa,
yuko mlangoni.
Unanidai nini, Mzaramo?
Asali. Nusu chupa.
Nitakuletea mzinga mzima, akasema,
na nyuki wake.